Walivyonibakiza kwa Utani

Kabla yangu walipita wauguzi wengi pale zahanati, na kila mmoja aliondoka na sababu yake. Mmoja alisema maji ya kisima yana chumvi mpaka chai hainyweki. Mwingine alishindwa na popo waliojaa darini na kunyea kitanda cha kuzalishia. Mwingine hakusema neno. Alikwenda harusini kwa ndugu yake Dodoma, kisha akatuma mtu aje kumchukulia godoro. Nilipofika mimi na begi langu na ndoo yangu, wanawake waliokaa kwenye benchi la kliniki walinikagua juu mpaka chini. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Huyu naye hamalizi masika."

Kijiji chenyewe kiko kusini ya Tanga, mtu akishavuka mto Pangani na kushika njia ya Mkwaja, katika nchi ya Wazigua. Mimi nilizaliwa kambi ya mkonge. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge na hakurudi tena, na sisi wajukuu zake tumebaki Wanyamwezi wa jina tu. Kinyamwezi chetu ni cha kusalimia na kutukania. Kabila hilo halikuwahi kunifaa kwa lolote. Sikujua kwamba pale kijijini lilikuwa likinisubiri.

Aliyenipokea alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama wanavyouliza wote.

"Kabila gani weye?"

"Mnyamwezi."

Akavua kofia akajipiga nayo pajani. "Alhamdulillahi! Mtani! Babu yako alipita hapa na pembe ya tembo kichwani, akanywa maji yetu, akaenda zake bila kuaga. Tumekungoja weye uje kuaga kwa niaba yake. Na huagi!"

"Maji yenyewe haya ya chumvi?" nikamjibu. "Ndiyo maana hakuaga. Tumbo lilikuwa linamwendesha."

Benchi zima likaangua kicheko, na yule aliyesema simalizi masika ndiye aliyecheka kuliko wote. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani una sheria yake moja kubwa: mtani hakasiriki. Akikuita mtumwa wake unacheka. Akikuchukulia kuku unamsubiri akija na baiskeli, unaichukua. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa, na kijiji kizima kitakuzomea.

Baadaye nilijua kwamba haikuwa bahati tu. Mzee yule aliiambia kamati yake, "Wale wengine tuliwaheshimu, ndiyo maana wakaondoka. Huyu tumtanie." Na nitasema ukweli ingawa unaniuma: alikuwa na akili kuliko wote waliowahi kukaa ofisini wakifikiri namna ya kuwabakiza wauguzi. Muuguzi haondolewi na chumvi. Anaondolewa na kuitwa daktari mchana kutwa, kupishwa njiani, kuamkiwa na watu wazima, halafu jioni ikiingia hana mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba amechoka.

Mimi nilikuwa naye. Mzee aliniletea sahani ya pilau siku ya Idi, juu wali, chini mifupa mitupu. Nikamkamata beberu wake nikamfunga kwenye mguu wa kitanda cha wagonjwa, nikatangaza kwamba amelazwa na hatoki mpaka popo waondoke darini. Vijana walipanda juu kesho yake, wakafukuza popo, wakaziba matundu. Wilayani nilikuwa nimeomba jambo hilo mpaka nimechoka kuomba. Beberu alinipatia.

Lakini nilikuwa na mtoto, na mtoto hatanii.

Binti yangu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Niliigundua mwenyewe, mikono na miguu yake ilipovimba akiwa hata hajaanza kutembea. Baba yake, dereva wa malori, alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo, akaenda kuipeleka damu yake nzuri kwa mwingine. Kumlea binti kule kijijini kungekuwa kumuua. Mvua ikinyesha barabara haipitiki, kivuko kina saa zake, na zahanati yangu haikuwa na damu ya kumwongezea mtu hata tone. Kwa hiyo aliishi Makorora, Tanga mjini, kwa mama yangu, karibu na kliniki yake, na mimi nikawa mama wa mwisho wa mwezi.

Alikuwa na mdomo yule mtoto. Nikiingia mlangoni, kabla sijatua begi, alinivuta nikae chini, akanishusha kope kwa kidole gumba kama nilivyozoea kumfanyia yeye, akatazama ndani ya jicho langu, akatikisa kichwa. "Mama, huna damu wewe. Kula mchicha." Halafu anakwenda kumwambia bibi yake apike mchicha, mgonjwa amefika.

Nilimfundisha mama yangu kupapasa bandama. Mtoto mwenye selimundu bandama yake inaweza kuvimba ghafla, ikafyonza damu yote, na mtu akakwisha mchana mmoja mikononi mwako. Ukiipapasa kila asubuhi chini ya mbavu za kushoto unaijua ikikua, unakimbia naye hospitali. Mama alipapasa na kupapasa. Alikuwa amefanya kazi korona, kiwandani mwa mkonge, miaka yote, kuchambua na kupiga singa, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu, hazisikii. "Nasikia tumbo tu," alisema. Nikamkaripia kana kwamba anafanya makusudi.

Na mimi huko kijijini nilikuwa napapasa matumbo ya watoto wa wenzangu. Jumatatu ya kliniki walikuja wamenona, wamepakwa mafuta wanang'aa, mama zao wanawaning'iniza kwenye mizani, wanalia kwa sauti ya kushiba. Kuna siku niliwachukia wale watoto. Nilikuwa nawabembeleza kwa mdomo, na moyoni nauliza huyu ana haki gani ya kuwa mzito hivi.

Wilayani walituita kwenye semina ya kubakiza watumishi. Tulikaa ukumbini tukanywa soda na kula sambusa, tukaandika mapendekezo kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani: picha ya mtumishi bora, kanga kwa aliyedumu, barua ya pongezi. Bosi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole inayotisha, akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Mtazameni mwenzenu huyu. Mazingira magumu, lakini amebaki." Wakanipigia makofi. Mapumziko yalipofika nikamfuata na ombi langu la uhamisho.

"Wewe ndiye mfano wangu," akasema. "Mfano utahamaje?"

"Mama, mwanangu anaumwa."

"Nani hana mgonjwa, mwanangu? Sikiliza. Mvivu akiomba kuhama namwachia asubuhi, sina haja naye. Mchapakazi nikimwachia, kesho nitaulizwa mimi." Akapangusa vidole vyake mafuta ya sambusa. "Tafuta wa kubadilishana naye. Aje apaone, akubali mwenyewe, nami sitakuzuia."

Nilirudi nikiwa nimeamua kuwa mvivu. Sikuweza, maana kichwa cha mtoto kikishaonekana hakimngoji mvivu. Basi nikaanza kutafuta mtu. Niliwaandikia wauguzi wa Tanga, wa Muheza, wa Korogwe, hata nisiowajua. Waliuliza ni wapi, nikiwatajia wananyamaza. Masika yakapita, vuli ikapita, ndipo akapatikana mmoja, binti wa Kimeru, Mlutheri, muuguzi wa Tanga mjini. Mchumba wake alikuwa amepata kazi kwenye mashamba ya chumvi karibu na kwetu, na yeye alitaka kuwa naye karibu. Alisema anakuja kwanza apaone.

Niliiambia kamati kama inavyopasa. Nilipaka nyumba chokaa. Niliazima pazia. Nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba nakuja kukaa, akaniuliza kama nitalala kitanda chake au cha bibi, nikamwambia chake.

Mgeni alifika asubuhi, na asubuhi hiyohiyo mwanamke mmoja akaja na uchungu. Nikamwacha mgeni kwenye benchi na mzee mtani na watu wengine, nikaingia ndani. Nikiwa ndani nilisikia nje wanacheka kicheko kikubwa cha kupokezana. Moyo wangu ulitulia. Nikasema vizuri, wamempenda.

Nilipotoka nikiwa bado na aproni, benchi lilikuwa linafuta machozi ya kicheko na binti yule amekumbatia mkoba wake magotini. Nilisimuliwa baadaye yaliyosemwa. Mzee alimwambia, "Karibu sana mwanangu, nyumba ni ile. Ila giza likiingia usitoke kwenda chooni. Nesi aliyekuwepo kabla ya huyu alitoka, simba akamkuta. Tulizika kiatu."

"Kiatu?" aliuliza binti.

"Kimoja. Cha pili alikwenda nacho simba."

Hakuna nesi aliyewahi kuliwa pale. Lakini simba wapo kweli, wanatoka mbugani Saadani, na watu wa kule wakitania hutania na kilicho karibu.

Niliongozana na binti mpaka gari linaposimama. "Ni utani, mdogo wangu," nilimwambia, nikamshika mkono, karibu nipige magoti. "Hakuna aliyeliwa. Mzee yule ndivyo alivyo."

"Najua ni utani, dada. Mimi si mjinga." Alikuwa analia bila kelele. "Lakini wote walicheka wananitazama mimi. Wewe una wa kucheka naye hapa. Mimi nitacheka na nani?"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki. Kati ya Wameru na Wazigua hakuna utani wowote; pale angekuwa mgeni wa kuheshimiwa, na mgeni wa kuheshimiwa nilijua mwisho wake. Gari likaja, akapanda.

Nilimkuta mzee uani kwake anafua nazi. "Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimekubakiza," akasema, akacheka.

"Yule si mtani wako! Utamtaniaje mtu asiye mtani?"

"Basi sikumtania yeye. Nimekutania weye."

"Mwanangu anaumwa, mzee. Unajua anaumwa nini. Nilikuambia."

Aliacha nazi. Kicheko kilimtoka usoni, na chini yake nilimwona mtu mwingine, mzee wa kijiji ambaye amezika wakwe na wajukuu kwa kukosa mkunga. "Na wetu wanaumwa, mtani," akasema taratibu. "Nao wana nesi mmoja tu." Kisha akaokota nazi, akairudisha kwenye ncha ya chuma. "Usinune. Mtani hakasiriki."

Sikukasirika. Nilimfanyia kibaya zaidi, nilimheshimu. Toka siku hiyo nilimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, mikono nyuma. Shikamoo mzee. Karibu ukae mzee. Alijaribu kunichokoza; aliniambia Wanyamwezi hawajui kuogelea ndiyo maana naogopa kivuko, nikamjibu, ni kweli mzee. Alikuja na sahani, nikapokea nikashukuru. "Niite mtani," alinisihi siku moja mbele ya benchi zima. Nikamwambia, "Sawa, mzee." Nilifurahi kumwona anakosa pa kuweka mikono yake. Kuna raha katika kumnyima mtu kitu kidogo anachokihitaji, na mimi niliifaidi.

Binti yangu alikufa masika yaliyofuata, siku ya kliniki, nikiwa napima uzito.

Simu yangu haikuwa ikishika pale zahanati. Mtandao uko uwanjani, karibu na goli. Nilikwenda huko mchana kula muhogo wangu na kumsalimia mtoto, na ujumbe ukaingia. Sikumbuki njia. Nakumbuka matope na mtu fulani aliyenipakia, na kwamba kwenye kivuko niliketi chini, watu wakanipisha wakidhani natapika.

Nilimkuta Makorora amelazwa sebuleni, amefunikwa shuka la maua. Mama yangu alikuwa kwenye mkeka. "Alisema amechoka," akaniambia. "Nikamwambia lala, joto hili. Alipoamka midomo imekuwa myeupe. Tulimkimbiza. Tulimkimbiza, mwanangu, tukafika naye, lakini alikuwa ameshakwisha."

Nilifunua shuka nikaweka mkono chini ya mbavu za kushoto. Bandama ilikuwa pale, kubwa, imeshuka mpaka chini ya kitovu. Asubuhi ile ilikuwa ikisikika, na mimi ningeisikia. Mikono yangu asubuhi ile ilikuwa upande wa pili wa mto, ikimning'iniza mtoto wa mtu kwenye mizani. Nikamgeukia mama yangu nikamwambia neno ambalo sitaliandika. Alivitazama vidole vyake.

Kesho yake, kabla ya kwenda makaburini, pikapu moja iliyojaa matope ilisimama nje. Walikuwa wao. Wanawake wa benchi waliteremka na nazi na kuni wakaingia moja kwa moja jikoni bila kuuliza. Mzee aliteremka mwisho, kanzu imemganda mwilini kwa mvua. Nilimwona, nikatazama pembeni.

Makaburini katekista alisali, tukaimba. Wanaume walipolishika jeneza kwa kamba kulishusha, na halikuwa zito, mzee akapita katikati ya watu, akaketi kwenye ukingo wa kaburi, akaning'iniza miguu ndani. Majirani zetu wa Makorora wakaguna. Mmoja alisogea amvute. Mama yangu, aliyekulia kambini na kuyaona haya tangu utoto, akainua mkono. "Mwacheni. Ni mtani. Asipofanya yeye nani atafanya?"

Mzee alinitazama. "Mnyamwezi," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimekuletea habari njema. Umetusumbua muda mrefu, Tanga, Tanga, Tanga. Kilichokuwa kinakuita Tanga ndicho hiki, tunakifukia. Sasa utahamia wapi? Jumatatu kliniki. Usichelewe, wanawake wananung'unika."

Katekista aliinamisha kichwa. Sauti ya mzee ilikuwa ya kutania kabisa, na machozi yalikuwa yakimwingia ndevuni. Kwa mila hanyanyuki mpaka mfiwa amjibu, na mfiwa hajibu kwa kilio wala kwa matusi. Wanaume walisimama na kamba zao, jeneza likiwa juu ya shimo, wakinisubiri.

Nilitaka kumsukuma aingie, wafukie wote wawili. Nilitafuta neno la kumlaani nikalikosa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Ukumbini walinipigia makofi. Bosi aliniita mfano. Kwenye simu usiku ule wenzangu walisema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia usoni nini nilichochukuliwa na nani amefaidi. Huyu aliyenichukulia ndiye aliyesema.

"Toka humo, mtani," nilisema. "Hilo shimo la mtoto. Halikutoshi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajaribu kujizuia akashindwa, kisha wanawake wa benchi, kisha wote. Mama yangu alicheka mpaka akaanguka magotini, akawa analia. Nami nilicheka. Mzee alinyanyuka, akajipangusa udongo, akawapisha. Wakamshusha mwanangu.

Walikaa nasi mpaka matanga yakaanuliwa, wakapika, wakaosha vyombo, wakatukana vyakula vya Kinyamwezi. Pikapu ilipokuja kuwachukua, mama yangu alinishika kanga mlangoni, akaniomba nibaki naye kidogo. Nikamwuliza nibaki kwa ajili ya nani. Aliniachia kanga. Wanawake walinisogezea nafasi kwenye pikapu, nikapanda, tukavuka, na Jumatatu nikawapima watoto wao wote.